Mnara wa Miyuji

Kazi yangu ilianza Jumatatu ya kwanza baada ya mwaka mpya, saa kumi na moja kasoro robo jioni, uani kwa mama mkubwa, Miyuji, nikiwa nimeshika mwiko. Saa naikumbuka kwa sababu mama mkubwa aliniuliza, nikatazama simu, nikamwambia, naye akasema, "Vizuri. Mnara umefunguliwa." Mnara wa kuongozea ndege ni mimi. Mwiko ndiyo redio.

Neema mdogo wangu, nakuandikia wewe, maana kuanzia mwezi ujao utakuwa unatoka Nzuguni kila Jumamosi kuja kuishika kazi hii. Mimi nastaafu. Wengine wanastaafu wakiwa na miaka sitini, mimi nimestaafu na kumi na saba, kwa sababu nimepangiwa kidato cha tano shule ya bweni huko mbali, na ua wa mama mkubwa hauhamishiki. Kuhusu vyeo sitaandika kitu, kwani nilianza nikiwa mnara na nimemaliza nikiwa mnara. Kuhusu mshahara vilevile, ila zile chapati za Jumamosi ulizokuwa unazisikia ni za kweli.

Unajua mimi nilivyo. Shuleni mwalimu alikuwa akiita majina, mimi naitika, halafu ananiandika sipo, na huku nimekaa dawati la mbele. Sikuwa naringa. Sauti ilikuwa inatoka, ila ilikuwa haifiki. Kanisani kwa mama mkubwa ndiyo usiseme. Si unajua wageni wanaambiwa wasimame, wataje jina na wanakotoka? Jumapili ya kwanza nilijifanya natafuta kitu chini ya benchi. Ya pili nikaenda chooni. Baada ya hapo ikawa aibu zaidi, maana utasimamaje kuwa mgeni wakati umeshakaa mwezi mzima? Basi nikanyamaza miezi yote ile, na mzee wa kanisa anayesoma matangazo akawa ananitupia jicho kila Jumapili, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Nilikuja Miyuji kwa sababu mama alinituma kutoka Chamwino nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Baba mkubwa alikuwa amefariki, baada ya kulala na kiharusi miaka mingi, na mama alisema, "Nenda ukakae na mama yako mkubwa, ile nyumba isije ikamzidi ukubwa." Nilidhani kazi yangu itakuwa vyombo na kuku.

Wewe unamjua mama mkubwa Yusta kama muuguzi mstaafu. Na mimi nilimjua hivyohivyo. Kumbe zamani, kabla sisi hatujazaliwa, alikuwa muuguzi wa zahanati za misheni, na misheni ile ilikuwa na ndege ndogo ya injini moja, viti vinne, ya kupeleka dawa vijijini wakati wa masika barabara zikikatika. Rubani alikuwa Mzee Hosea. Mama mkubwa alikuwa akikaa kiti cha pembeni yake, anauliza hiki ni nini, kile ni nini, mpaka mzee akachoka kujibu akaona afadhali amfundishe. Akapata leseni ya rubani binafsi, ile ya kurusha ndege mwenyewe bila kulipwa. Halafu ndege ikauzwa, baba mkubwa akaugua, na leseni ikalala. Hedifoni zake za kijani alizitia ndani ya foronya akaziweka juu ya kabati. Nimekaa nyumba ile mwezi mzima nikidhani ule ni mto wa wageni.

Sasa alitaka kurudi. Kaka Elia, mwanawe wa Mwanza, hakupenda hata kidogo. Nilimsikia kwenye simu, maana mama mkubwa hupokea simu kwa sauti ya nje, mtaa mzima uko kwenye mazungumzo.

"Mama, umri huo! Wenzako wanafuga kuku."

"Kuku ninao."

"Mama, nakuomba."

"Na mimi nakuomba."

Kaka Elia akasema, "Basi jaribu mara moja. Mara moja tu. Ikishindikana, hizo hedifoni unanikabidhi mimi, mambo ya ndege tunayafunga."

"Sawa, mwanangu," akasema mama mkubwa. Na wewe unajua, mama mkubwa akisema sawa, imekuwa sawa. Hakuna kurudi nyuma.

Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja. Mwalimu wake, Kapteni Shao, mwenye ndege kwenye kiwanja kidogo cha changarawe nje ya mji, alimpa masharti mapema. Asome upya kila kitu, afanye mitihani ya kuandika, apande naye mara kadhaa, halafu ipo siku moja atamkalisha chini kwa maswali na baadaye ampime angani. "Mama, nakuheshimu sana," alimwambia, "lakini siku hiyo ukikosea jambo la usalama, tunashuka, na sitakuficha."

Sasa nikueleze vifaa. Njia ya kurukia ni mstari wa majivu kutoka kwenye tenki la maji mpaka jikoni. Uchore upya kila Jumamosi, kuku wanaufuta. Upande wa tenki andika kumi na mbili, upande wa jikoni andika thelathini. Hizo si namba za mapambo, ni mwelekeo wa dira ukiondoa sifuri ya mwisho. Ndege ni kiti cha plastiki. Saa na mishale ya mbele ya rubani zimechorwa nyuma ya kalenda iliyopita muda, ambayo utaitundika kwenye kamba ya nguo usawa wa macho yake. Usukani ni mfuniko wa sufuria kubwa. Akiwa anafanya mzunguko mzima, hakai, anatembea: anapita kwenye majivu, anakata kushoto penye mti wa mlonge, anarudi kwa kufuata ukuta, anakata kushoto tena penye banda la kuku, halafu anaingia kutua. Wewe unasimama juu ya ndoo iliyofunikwa. Usisimame juu ya ile yenye ufa.

Siku ya kwanza alikaa kitini, akavaa hedifoni zake, waya ukining'inia bila kuunganishwa popote, akasema, "Mnara wa Miyuji, hapa Kuku Mweupe, naomba kuruka."

Kwenye redio ya kweli wanasema Kiingereza, nasi tulikuja kukitumia baadaye, lakini hapa nakuandikia ya nyumbani. Kuku Mweupe ndilo jina la ndege yetu.

Nikainua mwiko. Nikasema, "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba," akaitika, halafu akavua hedifoni, akazima injini. "Debora, mwanangu. Mpaka umalize kuniamkia na kuniuliza za nyumbani, mimi nimeshapita Kondoa. Angani hakuna shikamoo."

"Hata kama rubani ni mkubwa?"

"Hata kama ni askofu."

Tukaanza tena. Nikasema, "Kuku Mweupe, ruka." Ukinitazama ungesema ninatukana. Masikio yaliwaka moto. Jirani, Mama Chiku wa vitumbua, alikuwa amechungulia juu ya ukuta. "Mbukwenyi!" akatusalimia kwa Kigogo, halafu akaona majivu, mwiko na mfuniko wa sufuria. "Mama Elia, huyo mtoto anakuagua au ninyi mna mambo gani?"

"Ananiruhusu kuruka," akasema mama mkubwa, akapita mbele yake akielekea mlonge.

"Haya. Ukifika juu nisalimie."

Wiki mbili hivi nilikuwa natoa ruhusa kwa kila kitu. Naomba kuruka, ruka. Naomba kutua, tua. Mnara gani huo? Ulikuwa mnara wa ndiyo. Siku moja anaingia kutua, jogoo wetu kasimama katikati ya majivu anajikuna. Mama mkubwa anakuja, mimi nimenyamaza, kwa sababu utamwambiaje mama yako mkubwa asiingie uani kwake? Akafika, akasimama juu ya jogoo.

"Nimegonga nini?"

"Jogoo."

"Mnara ulimwona?"

"Ulimwona."

"Ukafanya nini?"

"Ukamheshimu," nikasema. Acha acheke! Alicheka mpaka akakalia ndege.

Kesi ngumu kuliko zote, Neema, hii ishike vizuri, ilikuwa ya injini kuzima. Ndege ikitoka tu ardhini, bado iko chini, injini ikafa, rubani hatakiwi kugeuka kurudi alikotoka. Moyo utamwambia geuka, uwanja uko nyuma, nyumbani ni nyuma. Akigeuka, ndege inakosa kasi na inaanguka. Anashusha pua, anatafuta pa kutua mbele yake, kulia kidogo au kushoto kidogo, basi. Mama mkubwa hilo alilijua. Aliniandikia mwenyewe kwenye karatasi nimsomee. Lakini nikipaza sauti "Injini imezima!" akiwa amepita jikoni, miguu yake inageuka kurudi kwenye tenki. Kila mara. Kichwa kinasema mbele, miguu inarudi nyumbani. Nadhani mtu aliyekaa miaka yote ile akikimbilia nyumbani kumgeuza mgonjwa kitandani, miguu yake haijui njia nyingine. Hilo sikumwambia.

Na mara ya kwanza sikumwambia hata kwamba amekosea. Alisimama kwenye tenki, anahema, akaniuliza, "Nimekufa au sijakufa?"

Nikatazama chini. "Umepumzika kidogo."

Akaja mpaka kwenye ndoo yangu, akanishika mabega, na kwa vile nilikuwa juu ya ndoo tulikuwa tunatazamana usawa. "Debora, nilikuwa muuguzi. Ninajua kuwaambia watu 'amepumzika'. Nimeyasema hayo sana. Lakini ukinibembeleza hapa, Kapteni Shao hatanibembeleza, na ardhi ndiyo kabisa. Nina nafasi moja. Unanisikia? Nikikosea, unasema."

"Siwezi kukuambia umekosea, mama mkubwa. Mdomo unagoma."

Hakukasirika. Alifikiri, akasema, "Sawa. Mzee Hosea naye alikuwa mpole kama wewe, hakuweza kusema 'umekosea' hata kwa mbuzi. Alikuwa na neno moja tu. Alikuwa akisema 'rudia.' Nikilisikia, najua kuna kitu hakijakaa sawa, nakitafuta mwenyewe. Hilo utaliweza?"

Nikajaribu. "Rudia."

"Sijasikia."

"Rudia."

"Hata jogoo hajasikia."

"RUDIA!"

Mama Chiku akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Nirudie nini tena?"

Hiyo ndiyo sheria ya mnara, Neema, na ndiyo urithi wangu kwako. Humpi rubani jibu, humkosoi, humkalii kikao. Unasema rudia, yeye anatafuta. Na yeye kwa upande wake haruhusiwi kukasirika wala kusema "wewe mtoto". Tulikubaliana, tukapeana mikono.

Baada ya hapo kazi ilinoga. Mwezi wa tatu alifanya mitihani ya kuandika akafaulu yote. Alipoanza kupanda na Kapteni Shao alirudi siku ya kwanza uso umejaa vumbi na kicheko. "Mikono inakumbuka kila kitu," akaniambia. "Kichwa ndicho kilichosahau. Nimeishika tu, ikaja yenyewe." Kwa hiyo tulihangaika na kichwa. Alinifundisha ili ajifundishe. Ndiyo maana mimi, niliyepata daraja la wastani, leo najua kwa nini ndege inakuwa nzito Dodoma mchana: tuko juu tayari, na joto linaifanya hewa kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege inahisi iko juu ya mlima hata kabla haijaruka. Nikimuuliza, "Saa nane mchana, jua kali, watu wanne na mizigo, utafanyaje?" jibu lake lilikuwa, "Nitakunywa chai mpaka jioni." Na ndilo jibu sahihi.

Tulitembea pia hadi nje ya mji kuchagua mashamba ya kutua kwa dharura. Hili halimo kwenye kitabu chake chochote. Mizabibu usiiguse, kwa juu inaonekana laini ila ina nguzo na nyaya. Shamba la uwele likiwa bado halijavunwa, liache. Likishavunwa, mwezi wa sita, ni rafiki yako. Alikuwa anasimama barabarani ananionyesha, "Pale ndiyo. Pale hapana. Pale ndiyo, ila utaomba radhi kwa mwenye shamba."

Lakini miguu yake ilikuwa bado inarudi. Si kila mara sasa. Mara tatu anakwenda mbele, ya nne anageuka. Hata wiki ya mwisho aligeuka mara moja, mimi nikasema rudia, akaenda akakaa kizingitini. Alikuwa ameinamisha kichwa, hedifoni zimemning'inia shingoni. Nilimletea maji tu.

Kuna jambo moja zaidi, la saa, kisha nikupeleke siku yenyewe. Marubani wa dunia nzima hutumia saa moja ya pamoja, na taarifa zote za hali ya hewa zinaandikwa kwa saa hiyo. Kuipata saa yetu, unatoa tatu. Wao wakiandika nne, sisi ni saa moja asubuhi. Rahisi, eti? Tatizo ni kwamba mdomo wa Mswahili ukiona nne, unasoma saa nne. Hapohapo umechelewa masaa matatu. Mzungu hawezi kukosea hivi, saa yake haifanani na yetu. Sisi tunaweza, tena kwa kujiamini kabisa.

Jaribio lilipangwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Tulifika kiwanjani mapema, baridi ya mwezi wa sita ikitugonganisha meno. Kiwanja chenyewe ni changarawe, kibanda kimoja, soksi la upepo, yaani mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo uendako, na mbuzi wa watu. Kazi yangu rasmi siku ile ilikuwa kuwazuia mbuzi wasiingie njiani. Mwiko niliuacha nyumbani, nikapewa fimbo.

Kapteni Shao gari lilimpasukia tairi, akafika saa nne imeshapita. Ni mrefu, mkimya, akikusikiliza anatazama viatu vyako. Alimkalisha mama mkubwa kwenye benchi la kibanda akaanza kumuuliza, na mama mkubwa akajibu moja baada ya jingine, mpaka mimi nikaanza kutabasamu kwa mbuzi. Halafu akasema, "Mama, tumechelewa kwa sababu yangu. Mpango ulikuwa twende mpaka Kondoa, tutue, turudi. Saa hizi ni nne na nusu. Uamuzi ni wako. Bado twende?"

Mama mkubwa akatazama taarifa ya hali ya hewa kwenye simu yake, akapiga hesabu kwa vidole. "Kwenda, kutua, kurudi, saa saba tuko hapa. Upepo mkali wa kusini unaingia saa tisa. Muda upo, Kapteni. Twende."

Kapteni Shao akatazama viatu vyake mwenyewe.

Mimi taarifa ile nilikuwa nimeiona asubuhi. Iliandikwa tisa. Toa tatu.

Neema, nisikilize. Nimetoka kwenye chumba cha mtihani juzi tu. Najua kinachompata anayenong'ona, na anayenong'onezwa. Nikawaza, nikisema nimemharibia, watasema amesaidiwa, nafasi ni moja. Nisiposema, ameshakosea jambo la usalama, na nafasi ni moja. Na kama Kapteni Shao naye hajaliona? Watakuwa wanatua saa saba, upepo unawapiga ubavuni. Nikafungua mdomo.

"Rudia saa."

Haikufika. Upepo mdogo uliichukua ikaenda kwa mbuzi. Mama mkubwa alikuwa ameshasimama, anavaa hedifoni.

"RUDIA SAA!"

Wote wakageuka. Kapteni Shao, mlinzi wa kiwanja, mbuzi. Nilitamani niwe mbuzi.

"Nani amesema?" akauliza Kapteni.

"Mnara," akasema mama mkubwa, macho yake yameshashuka kwenye simu.

"Mnara gani?"

"Subiri kidogo, Kapteni. Nimeambiwa nirudie." Akasoma, midomo inacheza. Nikaona mabega yake yanashuka, kisha yanakaa sawa. "Nimesoma saa yao kama yetu. Upepo unaingia saa sita. Saa sita mimi nitakuwa Kondoa, na kurudi nitarudi nikipambana nao. Hatuendi Kondoa. Kama unaridhia tufanye mizunguko hapahapa, na saa tano na nusu ndege iwe imefungwa kamba."

Kapteni Shao akanijia. "Binti, unajua kwamba huu ni mtihani?"

"Najua."

"Na umemsaidia mtahiniwa."

Sauti, sijui ilitoka wapi, ilifika. "Sijamwambia jibu. Nimemwambia arudie."

Alinitazama usoni, si viatu. Halafu akamgeukia mama mkubwa. "Kosa ni kosa, Mama. Nitaliandika."

"Liandike."

"Ila nimepanda na marubani wakubwa tu, wameambiwa 'rudia' na mtu mzima mwenzao, wakamwambia nyamaza. Wewe umeambiwa na mtoto ukarudia. Na hilo nitaliandika." Akavaa miwani yake ya jua. "Haya. Lakini huko juu hutakuwa na mnara."

Wakapanda. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu ndege ikatoka ardhini, ikapita kibanda, na mara sauti ya injini ikafifia. Sikuhitaji kuambiwa. Kapteni amepunguza nguvu kwa makusudi. Injini imezima.

Nyuma yake kulikuwa na kiwanja kizima, kirefu, kizuri. Mbele kulikuwa na mizabibu ya watu, na baada ya mizabibu shamba la uwele lililovunwa. Nilikuwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili mbele ya kidevu, kama mwiko. Bawa la kushoto likalala kidogo. Nikasema, geuka kidogo tu, kidogo tu, usirudi. Hakuna aliyenisikia, hata mimi.

Bawa likanyooka. Pua ikashuka. Ndege ikaenda mbele, ikaivuka mizabibu, ikalielekea shamba la uwele kama mtu anayejua mlango. Hakurudi. Mama mkubwa wangu hakurudi! Nikaisikia injini inaamka tena, ndege inapanda, nami nikaruka juu na fimbo yangu, nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga tangu nizaliwe.

Mbuzi wakashtuka, wakakimbilia katikati ya njia. Wote.

Nilikimbia, Neema, nilikimbia na gauni la kanisani, nikiwafukuza huku wanazunguka. Juu yangu ndege inakuja kutua. Nikainua fimbo kuashiria, ila hata kabla sijaiinua vizuri alikuwa ameshaongeza nguvu, akapita juu yetu, akaenda kuzunguka tena. Kwa utulivu, kama vile amemwona jogoo.

Aliposhuka, Kapteni Shao alikuwa wa kwanza kufungua mlango. "Mama, wale mbuzi mliwapanga?"

"Mnara wangu una njia zake za kufundisha," akasema mama mkubwa, akavua hedifoni. Nywele zilikuwa zimelala, uso umelowa jasho. Kapteni aliandika kosa lake kama alivyoahidi, akaandika na mengine, halafu akaweka sahihi. Akampa mkono. "Karibu tena angani, rubani." Hakusema Mama.

Tulikuwa tumekaa kibandani tunakula viazi vya kuchemsha, ndege imefungwa kamba, soksi la upepo lilipogeuka ghafla likasimama ubavuni mwa njia, na vumbi likaja likafunika mizabibu. Mama mkubwa akatazama simu. "Saa sita na kitu," akasema. Akanimenyea kiazi.

Kisha akampigia kaka Elia, sauti ya nje kama kawaida.

"Elia, hedifoni hupati."

Kaka Elia akacheka kwa sauti iliyokwaruza kidogo. "Mama... sasa mimi utanipandisha lini?"

Hayo ndiyo niliyoyaona kazini. Kuna mengine, ya ndoo yenye ufa na ya Mama Chiku kuomba naye apewe zamu ya mwiko, lakini utayaona mwenyewe. Rubani lazima aendelee kufanya mazoezi, na wewe una sauti kubwa tangu kuzaliwa, kwako itakuwa kazi kuishusha. Usimwamkie akiwa hewani. Mwamkie akishuka, na umwamkie vizuri.

Kesho yake baada ya jaribio ilikuwa Jumapili. Mzee wa kanisa alimaliza matangazo, akakunja karatasi, akasema kama kila wiki, "Kama kuna mgeni kati yetu, asimame atuambie jina lake na anakotoka." Akatupa jicho upande wangu, kwa mazoea tu, hakutegemea chochote.

Nikasimama. Benchi zikanong'ona. Mama Chiku alikuwa nyuma yangu na hakunong'ona: "Mgeni huyu? Pasaka tumekula naye!" Watu wakacheka, mama mkubwa akatazama mbele kabisa, mikono mapajani.

Nikasema jina langu, na kwamba natoka Chamwino, na kwamba nimekaa kwa mama mkubwa wangu tangu mwaka jana, na kwamba yeye ni rubani.

Mzee wa kanisa akaweka kiganja sikioni. "Wa nyuma hawajasikia, binti. Rudia."

Nikanyanyua kidevu, nikarudia.